Flisi, maranda au trei ya choo: kipi kinafaa kizimba cha chinchila wako

Chinchila, mnyama mdogo mgugunaji mwenye manyoya mazito, hunya popote, ila hukojoa pale alipopachagua mwenyewe. Ukilishika hilo, nusu ya swali la nini utandike kwenye kizimba chake limekwisha. Mavi yake ni vipunje vikavu, vigumu, vyenye ukubwa wa punje ya mchele mnene. Hutoka kwa mamia kila siku, lakini hayanuki wala hayachafui mkono, unayafagia tu. Kinachoozesha mbao, kinachonukisha chumba na kinachomlowesha mnyama miguu ni mkojo. Kwa hiyo unapolinganisha flisi, maranda na trei, unalinganisha njia tatu za kuukamata mkojo na kuuondoa kabla haujamgusa.

Naandika haya kwa Waswahili wenzangu tulioko huku kwenye baridi, Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada, ambao mtoto amerudi kutoka shule akitaka mnyama na si mbwa wala paka. Kwangu waliingia chinchila wawili wa mama mmoja, Kashata na Majivu, miaka mitano iliyopita. Mwaka wa pili waligombana hadi manyoya yakaruka, nikaziba njia ya katikati ya kizimba chao cha ghorofa mbili: Kashata akabaki juu, Majivu chini. Leo ghorofa ya juu ina flisi na trei, ya chini ina trei na mbao tupu. Kizimba ni kimoja, mama yao ni mmoja, lakini mtandiko ni tofauti, na kila asubuhi naona faida na hasara za kila upande nikiwa nimesimama palepale.

Flisi ninayoisema ni kile kitambaa cha polista chenye manyoya mafupi, cha majaketi ya baridi na mablanketi mepesi ya watoto wachanga. Trei ni chombo chenye kingo kinachowekwa konani na kutiwa maranda ili mnyama akojolee humo.

Mnyama wa mahali pakavu

Chinchila ni wa milima ya Andes, kwenye miamba mikavu ya Chile ambako usiku baridi inauma. Karibu wote wanaofugwa majumbani leo chimbuko lao ni kundi dogo ambalo Mathias Chapman, mhandisi wa migodi Mmarekani, alilitoa Chile na kulifikisha California mwaka 1923, wakati porini walikuwa wamewindwa kwa ajili ya manyoya hadi wamekaribia kwisha. Manyoya yenyewe ndiyo ya kuangaliwa hapa. Kwenye kitundu kimoja cha ngozi, ambapo binadamu huota unywele mmoja au miwili mitatu, chinchila huota 50 na zaidi. Manyoya mazito hivyo yakilowa hayakauki upesi, na penye unyevu fangasi hawachelewi. Ndiyo sababu huoga vumbi na si maji. Mtandiko wowote utakaouchagua, uupime kwanza kwa swali moja: je, asubuhi nikipapasa pale anapolala, pakavu?

Kwa walioko Mombasa, Tanga au Dar es Salaam wanaosoma haya wakiwa na hamu ya kumfuga, tafadhali wasifanye hivyo. Nyuzi joto 25 ndio mwisho wake, na zikipanda juu ya hapo anaweza kufa kwa joto. Umeme ukikatika mchana wa Februari na kiyoyozi kikazima, hakuna kitambaa wala trei itakayomwokoa.

Maranda kizimba kizima

Hii ndiyo njia ya zamani na bado ina watu wake, na sababu wanazo. Maranda ni haya haya tunayoyajua kwenye banda la kuku, isipokuwa hapa unanunua yaliyokaushwa kwenye tanuri na kuondolewa vumbi. Ya paini iliyokaushwa hivyo yanafaa, ya mti wa aspen yanafaa pia na hayana harufu kabisa. Ya mwerezi usiyaguse hata ukipewa bure: ile harufu nzuri inayofukuza nondo kabatini inatokana na kemikali zinazoumiza mapafu na ini la mnyama mdogo. Unamwaga kina cha vidole vitatu hivi kwenye sakafu ya kizimba, kila siku unaondoa palipolowa, na kila wiki unakomba yote.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba chinchila akiyatafuna hapati dhara. Ni mti, na meno yake yanayokua maisha yake yote yanataka mti. Mkojo unanyonywa papo hapo. Hakuna kufua. Unamwaga, unatandika mapya, basi.

Ubaya wake unauona asubuhi. Chinchila hukaa usiku kucha akiruka kutoka rafu hadi ukutani na kurudi, na kila akitua maranda yanatimka. Nilikuwa nafagia sebule mara mbili kwa siku na bado nayakuta kwenye soksi na kwenye mkoba wa shule. Vumbi nalo, hata kwa yale yaliyosafishwa, lipo. Mwanangu mkubwa ana pumu, kwa hiyo hilo kwetu lilikuwa na uzito kuliko fedha. Halafu rafu za juu haziwezi kushika maranda. Akikojoa juu anakojolea ubao mtupu, na ubao ukishalowa mara nyingi, hata ukiusugua kwa siki harufu haitoki.

Kuna jambo jingine ambalo sikulifikiria mwanzoni: maranda yanaficha. Chinchila akianza kuumwa, dalili ya kwanza mara nyingi huwa kwenye mavi. Yanapungua, yanakuwa madogo, yanachongoka, au yanalainika. Ndani ya maranda huoni kitu. Majivu aliwahi kupunguza kula kwa sababu ya jino, na nilichelewa siku mbili kugundua kwa kuwa ushahidi wote ulikuwa umezama. Siku mbili kwa mnyama wa nusu kilo ni nyingi.

Flisi tupu, bila trei

Nilipohamia flisi nilidhani nimemaliza. Nikakata vipande, nikavitandika juu ya rafu, nikalala. Asubuhi nikakuta mkojo umekaa juu ya kitambaa kama umande juu ya jani la jimbi, ukikigusa unateleza, na Kashata ana tumbo lililolowa. Flisi mpya ndivyo ilivyo. Nyuzi za polista hazinywi maji, na kitambaa ambacho hakijafuliwa kinayasukuma. Inabidi ukifue mara tatu au nne kwa maji ya moto na sabuni, bila kilainishi, kisha ukijaribu. Kitandike juu ya taulo la zamani, mwagia kijiko kimoja cha maji, subiri. Maji yakizama, na juu pakawa pakavu ukipapasa, kitambaa kiko tayari. Yakikaa juu yakimetameta, rudisha mashineni.

Flisi haikamati mkojo, inaupitisha tu. Chini yake lazima kuwe na kitu kinachonyonya, taulo nene au pedi ya kitanda ya kufulika, kilichoshonewa katikati ya flisi mbili ili mnyama asikifikie. Bila hicho mkojo unatuama kati ya kitambaa na rafu, na chinchila anaukanyaga usiku kucha kupitia kitambaa hichohicho. Mkojo ukituama huacha gamba. Ukiinua flisi ukakuta gamba jeupe kwenye sakafu ya kizimba, ujue umekaa hapo muda mrefu. Na hata ukiwa na tabaka zuri la kunyonya, ile kona aliyoichagua itanuka siku ya pili, ukibahatika ya tatu. Mimi flisi tupu ilinishinda hapo: nilikuwa nafua vipande vinane kwa sababu ya kona moja.

Lakini sikuiacha flisi, na nina sababu za kuipenda. Ya kwanza ni nyayo. Vizimba vingi vina sakafu au ngazi za waya, na mnyama akikaa juu ya waya au ubao mgumu miaka na miaka, nyayo zinakauka, zinapasuka, zinafanya vidonda ambavyo daktari wa wanyama atakuambia ni rahisi kuvizuia kuliko kuvitibu. Kashata alikuja kwangu na visigino vyekundu. Miezi michache juu ya kitambaa, ngozi ilirudi. Ya pili ni usafi wa haraka. Mavi yanalala juu ya flisi yakiwa makavu, unapitisha brashi ndogo na koleo la vumbi, dakika tano, hata mtoto wa miaka minane anafanya kabla ya shule. Ya tatu ni kuona. Nunua flisi ya rangi nyepesi, ya krimu au samawati, si ile yenye picha nyingi. Juu yake utayaona mavi yalivyo leo na yalivyokuwa jana. Utaona pia rangi ya mkojo. Ya manjano au ya chungwa ni kawaida, na wakati mwingine chakula huufanya uelekee wekundu, lakini doa la damu hutalikosa.

Mambo mawili ya ushonaji. Shona kila kipande kama foronya inayovaa rafu yake, mishono yote ikigeukia ndani, uzi usionekane popote. Chinchila huanza kutafuna pale meno yanaposhika, na meno hushika kwenye pindo. Zipu na vibanio vya plastiki usiweke. Na usibadilishe flisi na kanga kuukuu. Najua kishawishi, mimi mwenyewe ninazo begi zima kutoka kwa mama. Pamba ikitafunwa hutoa nyuzi ndefu, na uzi mrefu hujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mnyama na kukikata damu. Taulo lenye vitanzi vitanzi nalo vilevile, kucha zinanasa. Flisi haifumuki, na hiyo ndiyo sifa inayoifanya itumike badala ya vitambaa vingine.

Wakati wa joto flisi ni mzigo. Julai 2022, kipimo kilipofika nyuzi 40.3 pale Coningsby, Uingereza, sisi tulitoa kila kipande, tukaweka vigae vya marumaru juu ya rafu zote na kizimba tukakihamishia chumba cha chini chenye kivuli. Walilala wamejitandaza juu ya vigae kama samaki mezani. Hata msimu wa kawaida mimi huacha rafu moja na kigae, mnyama achague mwenyewe.

Trei ya choo

Kwa kuwa mkojo una kona yake, mpe kona hiyo chombo. Hiyo ndiyo hoja nzima ya trei, na kwa maoni yangu ndicho kifaa kinachobadilisha maisha ya mfugaji kuliko kingine chochote kwenye kizimba, iwe una flisi au huna.

Trei nyingi zinazouzwa ni za plastiki. Ziache. Chinchila ataitafuna kingo, na plastiki iliyomezwa huziba utumbo. Nilianza na bakuli zito la kioo la kuokea, sentimita 30 kwa 20. Halitafuniki, halipinduki, linaoshwa kama sahani. Baadaye nikanunua la chuma cha pua kwa sababu ni jepesi kuinua. Mabati ya keki yenye rangi nyeusi ya kuzuia kuganda usiyatumie, wanaibambua kwa meno. Kingo ziwe na urefu wa sentimita 5 hadi 8: zikiwa fupi maranda yanamwagika, zikiwa ndefu chinchila mzee haingii.

Ndani tia maranda yaleyale ya paini au aspen. Mchanga wa paka unaoganda ukilowa usiutie kabisa, maana akiumeza utaganda hivyohivyo tumboni. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yanaota ukungu upesi. Karatasi laini iliyosagwa inanyonya vizuri sana, lakini kuna chinchila wanaoila kama chakula. Ukimwona wako anaila, itoe.

Kumfundisha si kazi kubwa, ni kumfuata tu. Angalia anakojoa wapi. Weka trei hapohapo, si pale unapopataka wewe. Tia humo konzi ya maranda yaliyolowa mkojo wake. Kisha ning'iniza nyasi kavu juu yake, kwa sababu chinchila hukojoa akila, na akisimama kula atakuwa amesimama chooni. Kashata alishika kwa siku nne. Majivu alichukua wiki sita, akihama kona mara mbili na mimi nikihama naye. Kumkemea hakusaidii, hajui unamkemea nini, anaanza tu kukuogopa. Wapo pia wasioshika kamwe, na hilo si kosa lako.

Mavi yataendelea kuwa kila mahali, usitegemee trei iyakamate. Na ukiwa na majike, jua kwamba jike la chinchila likikasirika husimama kwa miguu ya nyuma na kukurushia mkojo. Trei haina jawabu kwa hilo. Mimi nimeweka kipande cha kigae kimesimama ukutani upande wa dirisha.

Kila asubuhi natoa maranda yaliyolowa, kila siku ya tatu nabadilisha yote na kuosha trei kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Gamba jeupe likiwa nene namwaga siki yenyewe, naiacha nusu saa, linatoka lenyewe. Konzi moja ya maranda ya zamani nairudisha juu ya mapya. Trei ikinukia sabuni tupu, wanaisahau.

Majivu na pindo la flisi

Usiku mmoja wa Machi nilikuta tundu kwenye pindo la flisi ya Majivu, dogo, lingetosha kidole changu cha mwisho. Nikajiambia ni ukucha. Asubuhi lilikuwa na upana wa kiganja cha mtoto, na kingo zake zilikuwa zimechongwa vijiduara vijiduara, alama za meno ya mbele. Nikatoa kila kitu ndani ya kizimba, nikipekua hata nyasi, nikitafuta kipande kilichokatwa. Hakikuwemo.

Kila mwenye flisi akumbuke kutafuta hicho. Ukikuta tundu na kipande kimelala pembeni, mnyama anachezea kitambaa. Shona, mpe vijiti vya kutafuna, endelea kumwangalia. Ukikuta tundu na kipande hakionekani, kimeliwa, na flisi inatoka siku hiyohiyo. Chinchila hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja ya kutokea, na polista haimeng'enyeki. Akiacha kula, mavi yakikoma au yakawa machache na madogo, akijikunyata konani, au tumbo likajaa na kuwa gumu, mpeleke siku hiyo kwa daktari anayewajua wanyama wadogo. Kama ni Ijumaa jioni, usisubiri Jumatatu.

Majivu alipona. Daktari alimpapasa, akaniambia nyasi kavu kwa wingi na nihesabu mavi. Kwa siku mbili yalitoka yakiwa na vinyuzi vya samawati ndani, mpaka vikakoma. Sijawahi kufurahia mavi kiasi kile. Tangu hapo ghorofa ya chini haina kitambaa. Ana rafu za paini isiyopakwa rangi, ana kigae kimoja, ana trei. Rafu anazitafuna na kila mwaka nabadilisha mbili tatu. Nyayo zake nazikagua kila Jumapili, na ziko salama, kwa kuwa sakafu ya waya niliifunika yote kwa mbao.

Kufua

Watu wanaoisifu flisi mara nyingi huruka sura hii. Manyoya ya chinchila ni laini kiasi kwamba yanaingia ndani ya kitambaa na kukataa kutoka. Ukitia mashineni hivyohivyo, ndani ya miezi michache kichujio kimeziba. Mimi nakung'utia vipande ndani ya beseni la kuogea, napitisha glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, manyoya yanajikusanya kama pamba, natupa. Kisha vipande vinaingia ndani ya foronya ya zamani yenye zipu na foronya ndiyo inayoingia mashineni. Nyuzi 40, sabuni isiyo na manukato, kikombe cha siki kwenye suuza. Kilainishi kamwe, kinafunika nyuzi na siku inayofuata unarudi kwenye umande wa jani la jimbi. Habari njema ni kukauka: flisi ikitoka mashineni karibu imekauka tayari, na hata katika nyumba za huku zenye unyevu wa Novemba, saa chache zinatosha.

Usifue vyote kwa mpigo. Ukiondoa harufu yote kwa siku moja, wanaanza upya kuweka alama kila mahali, hata aliyekuwa ameshika trei. Mimi nina seti mbili, na nabadilisha rafu za kushoto Jumatano, za kulia Jumamosi.

Kama huna mashine nyumbani na unategemea mashine za kulipia mtaani, uliza kwanza, maana baadhi hawataki nguo zenye manyoya ya wanyama. Kwa mtu wa hali hiyo flisi itageuka adha mwezi wa kwanza tu.

Fedha

Kwa bei nilizolipa mimi: flisi pauni 6 kwa mita, mita nane kwa seti mbili, pamoja na taulo za zamani nilizokuwa nazo, na seti hizo ziko mwaka wa nne. Robota la maranda la kilo 20, lile linalouzwa kwa wenye farasi, pauni 11. Nilipotandika kizimba kizima liliisha wiki sita. Kwa trei mbili linafika miezi saba. Trei ya chuma pauni 9, na sitanunua nyingine maishani mwangu. Juu ya flisi ongeza umeme na maji ya kufua mara mbili kwa wiki. Mwisho wa mwaka tofauti si kubwa ya kumfanya mtu achague kwa sababu ya bei, na robota linahitaji pa kuwekwa, jambo ambalo kwa wanaokaa ghorofani kwenye chumba kimoja lina maana zaidi ya pauni.

Nani achague nini

Kwa chinchila mzima, anayeishi peke yake au na mwenzake, asiyekula kitambaa, katika nyumba yenye mashine ya kufulia, ningechagua bila kusita flisi kwenye rafu na trei ya maranda kwenye kona yake. Kila kimoja kinafanya kazi kinayoiweza: trei inakamata mkojo, flisi inalinda nyayo na kubaki kavu siku nne tano badala ya mbili. Udhaifu wa flisi tupu unaondoka pale trei inapoingia.

Kwa mla kitambaa, trei na mbao tupu kama Majivu. Usimwonee huruma ukamrudishia kipande kimoja tu cha kulalia. Kwa asiyeshika trei, au mzee aliyeanza kukojoa popote alipo, rudi kwenye maranda kizimba kizima, ufagie, uvumilie. Kumlaza mzee juu ya kitambaa kilicholowa ni vibaya kuliko sebule yenye maranda. Na aliyetoka kufanyiwa upasuaji, flisi tupu hadi kidonda kifunge, ukibadilisha kila siku, kwa sababu maranda na vumbi vinaingia kwenye mshono. Hapo peke yake ndipo flisi bila chochote inawashinda wenzake wote.

Kama ndio kwanza mnyama anakuja nyumbani, usinunue kitambaa wala trei bado. Tandika karatasi nyeupe zisizo na wino kwenye sakafu na kila rafu, mpe nyasi na maji, muache usiku mbili. Atazichana, asikutishe. Halafu mchana, ukiwa umekaa hapo unamwangalia, mpe kipande cha flisi cha ukubwa wa leso kwa saa moja, uone anakilalia, anakivuta, au anakiuma na kumeza. Asubuhi ya pili kusanya karatasi kabla hujafagia. Kwenye moja kati ya hizo, karibu daima ya konani, utakuta doa pana la manjano, limekauka kingo, na jingine juu yake, na jingine. Trei inakaa hapo.